Mkanda Unapolia

Kama umepata kumiliki gari la zamani utakuwa unaufahamu mlio ninaotaka kuuzungumzia. Unawasha gari alfajiri, majirani bado wamelala, na kabla injini haijatulia linatoka chini ya boneti yowe jembamba, kali, lisilo na haya. Linadumu nusu dakika, siku nyingine zaidi, kisha linanyamaza lenyewe kama mtoto aliyechoka kulia. Ukiwasha taa za mbele linaanza tena. Ukikanyaga mafuta linapanda. Mbwa wa jirani anajibu. Huo ni mkanda wa feni.

Gari langu ni Datsun 120Y ya mwaka 1977. Nililinunua mwaka 1992, tayari likiwa zee, na hadi leo ninalo hapa Mtoni Kijichi, ingawa siku hizi hutoka uani kwa nadra kama mimi mwenyewe. Wakati huo Datsun lilikuwa jina la heshima. Wenye umri wangu watakumbuka jinsi Shekhar Mehta alivyoshinda mbio za magari za Safari miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiwa na gari la kampuni hiyo. Langu halikuwa la mashindano. Lilikuwa la kunipeleka shuleni, sokoni na msibani, na katika safari moja ya msibani ndipo liliponifundisha jambo ambalo vyuo vyangu vyote havikunifundisha.

Kwanza nieleze mkanda wenyewe, maana bila hivyo habari yangu haitaeleweka. Mbele ya injini ya gari kama langu pana magurudumu matatu madogo, yaitwayo puli, yamekaa kama mafiga. Figa la chini ni la krenki, na hilo ndilo lenye nguvu, kwa kuwa linazungushwa na injini. Figa la pili ni la pampu ya maji, ambayo imebeba na feni. La tatu, pembeni, ni la alteneta, inayotengeneza umeme wa betri na taa. Mkanda mmoja wa mpira umeyazunguka yote matatu, nao huchukua nguvu kwa lile la chini na kuwagawia hao wawili. Umbo lake ni la kabari, na haushiki kwa tumbo bali kwa mbavu zake mbili, unavyojibana ndani ya mfereji wa puli. Mikanda ya namna hii inasemekana ilianza kutengenezwa mwaka 1917 na John Gates wa mjini Denver, Marekani, na kwa muda mrefu ndiyo iliyobeba kazi hiyo karibu katika kila gari duniani. Magari ya siku hizi yanayoletwa kutoka Japani yana mkanda mpana wa mistari, na mengi yana kikazio kinachojirekebisha chenyewe. Hayalii mara kwa mara. Nayo yakilia, kompyuta ya kupimia ambayo vijana wa gereji wanaichomeka chini ya usukani haisemi lolote. Bado inabidi mtu asikilize kwa sikio.

Kwa nini mkanda unalia? Jibu nililijua miaka mingi kabla ya kuwa na gari, ila sikujua kuwa nalijua. Kila mwalimu amepata kuandika ubaoni chaki ikapiga mlio ule unaowafanya watoto wazibe masikio. Chaki inashika ubao, inashindwa, inateleza, inashika tena, mamia ya mara kwa sekunde moja. Huko kushika na kuteleza ndiko mlio. Zeze nililokuwa nikilisikia Ugogoni nilipokuwa chuo cha ualimu Mpwapwa hulia kwa sababu hiyo hiyo, uta ukishika uzi na kuuachia. Mkanda nao hulia pale unapovuta kitu ambacho hakitaki kuvutwa kwa kadiri ya nguvu zake. Ndiyo maana hulia asubuhi, betri ikiwa imetumika kuwasha injini na alteneta inalazimika kuirudishia. Ndiyo maana hulia usiku ukiwasha taa.

Basi kelele ya mkanda ni habari ya mzigo. Lakini nani anayeisikia hivyo?

Mimi sikuisikia hivyo. Mwaka 1996 gari lilipoanza kulia nililiona kuwa linanitia aibu. Mwalimu mkuu anaingia shuleni na yowe, watoto wanacheka kwenye mstari. Nikalipeleka gereji moja ya vichochoroni Temeke, kijana akanipa shikamoo, akafungua boneti, akachukua kipande cha sabuni ya mche na kukigusisha mkandani injini ikizunguka. Kelele ikakoma papo hapo. Nikamlipa kwa furaha. Baada ya siku nne ikarudi. Kijana akaleta spana namba 12, akalegeza boliti ya alteneta, akaisukuma nje kwa mtaimbo mpaka mkanda ukawa mgumu kama waya wa kuanikia nguo, akakaza. Kimya. Safari hii kilidumu wiki mbili. Kelele iliporudi alisema mkanda umekwisha, na mimi niliyekwishachoka nikaenda Shauri Moyo nikanunua mpya. Mkanda mpya ulikaa kimya siku tisa. Siku ya kumi ukalia kama ule wa zamani, sauti ile ile, saa ile ile.

Ningetaka msomaji atulie kidogo hapo, maana mimi sikutulia. Mkanda mpya kabisa, usio na ufa wala mng'ao, umelia kilio kile kile cha ule niliouita mbovu na kuutupa jalalani. Mtu mwenye akili angejiuliza swali. Mimi nilinunua kipande kingine cha sabuni.

Mwezi huo shemeji yangu alifariki Kisarawe. Nikatoka Temeke saa tano asubuhi na watu wanne garini, nikapita Gongo la Mboto, na tulipoanza kupanda Pugu gari likiwa kimya kabisa, sindano ya joto ikaanza kupanda nayo. Sikuitazama. Nilikuwa nimezoea kwamba gari likiwa na tatizo litapiga kelele. Taa nyekundu ya chaji ilikuwa ikikonyeza nikaidhania ni jua. Mvuke ulipotokeza pembeni mwa boneti tukasimama chini ya mwembe, tukakaa hapo saa mbili na nusu tukisubiri injini ipoe na mtoto aliyetumwa maji arudi. Nilifika Kisarawe watu wakinawa mikono. Mke wangu hakunilaumu, na hilo lilikuwa baya kuliko lawama.

Siku ya pili niliendesha taratibu hadi Tandika, kwa mzee mmoja fundi aliyekuwa akifanyia kazi chini ya mwarobaini. Hakuwa na kibao wala mlango. Nilimweleza kwa kirefu, kama tufanyavyo walimu. Alinisikiliza, kisha akaniambia, "Sasa, Mwalimu, wewe nyamaza kidogo, tuliache lizungumze lenyewe."

Alichofanya kilichukua chini ya saa moja, nami nitakieleza kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo swali la haki limeshughulikiwa vizuri vile. Kwanza aliuosha mkanda kwa maji na kitambaa mpaka sabuni yangu yote ikatoka. Akawasha gari, likalia, naye hakufanya haraka kulinyamazisha. Akachovya vidole majini na kudondoshea matone machache upande wa ndani wa mkanda. Kelele ikazidi. Akatikisa kichwa akisema ndiyo, unateleza. Alinieleza kuwa kama mlio ungekuwa wa kukatika-katika, kama wa nyenje, na ungekoma kidogo ulipoguswa na maji kisha ukarudi, angetafuta puli iliyokaa upande, isiyo kwenye mstari mmoja na wenzake. Hizo ni kelele mbili tofauti na zina maana mbili tofauti, ingawa sisi tusiojua tunaziita zote kelele.

Akazima. Akaubonyeza mkanda kwa dole gumba katikati ya upande mrefu. Ulipaswa kubonyea sentimita moja hivi, pengine na nusu. Wangu ulikuwa haubonyei. "Nani aliukaza hivi?" Sikujibu. Akazitazama mbavu za mkanda kama zimeng'aa, akatazama tumbo la mifereji kama mkanda umeshuka ukagusa chini. Hapana, mkanda ulikuwa mzima. Ndipo akaufungua na kuutoa, akauning'iniza kwenye tawi la mwarobaini, akaniambia niweke mkono wangu kwenye puli ya alteneta na kuizungusha. Ilizunguka laini, kimya, ikaendelea kidogo hata baada ya kuiachia. Kisha puli ya pampu ya maji. Niliizungusha na kuhisi ndani yake kitu kama mchanga, kama jiwe la kusagia lenye mahindi makavu. Nilipoishika feni na kuitikisa, ilicheza.

Pampu ile haikuwa imepiga kelele hata siku moja. Beringi yake ilikuwa imekauka na kuliwa na kutu, nayo ilikuwa ikikataa kuzunguka kimya kimya, na mkanda ndio uliokuwa ukiivuta na kulia. Sabuni yangu iliufanya mkanda uteleze bila sauti, kwa hiyo pampu ikazunguka nusu nusu na maji hayakuzunguka, tena mahali pa kupanda mlima. Kukaza kwangu kuliuvuta mhimili wa pampu upande mmoja na kuimaliza ile beringi iliyobaki. Kila dawa niliyoitoa ilikuwa ya kumnyamazisha aliyesema na kumuumiza zaidi aliyekuwa mgonjwa.

Nilisimama pale na vidole vyenye kutu, na mtu niliyemkumbuka hakuwa fundi wala shemeji yangu marehemu. Nilimkumbuka mwalimu mmoja niliyekuwa naye mwaka 1988.

Katika shule ya msingi niliyoiongoza wakati huo, hapa hapa Temeke, alikuwapo mwalimu kijana ambaye ofisini tulimwita Mlalamikaji. Jina hilo nilichangia kulitunga. Hakuna kikao kilichopita bila yeye kusimama. Vipindi ni vingi, daraja la tano wanaingia la sita hawajui sehemu wala desimali, anarudia kazi ya mwaka mzima, hana muda wa kusahihisha. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya kukera, na alikuwa na tabia ya kurudia neno lile lile mara tatu. Kwanza nilimpaka sabuni: nilimsifu mbele ya wenzake, nikamwahidi kwamba nitaliangalia. Aliporudia nilimkaza kwa barua ya onyo yenye maneno "utovu wa nidhamu". Mwishoni nilimwandikia Afisa Elimu, naye akahamishiwa upande wa Kimbiji, ng'ambo ya Kigamboni, ambako siku hizo ilikuwa safari ya pantoni na kisha bahati. Ofisi ikawa na amani. Nakumbuka nilisema kwa kicheko kwamba debe tupu limeondoka, sasa tutasikilizana.

Akaletwa mwalimu mwingine, mpole, binti wa watu, hana neno. Muhula mmoja. Muhula wa pili alikuja ofisini kwangu akiwa na machozi na kusema kwamba watoto wa darasa la sita hawajui sehemu wala desimali.

Msomaji ameshaelewa. Darasa la tano lilikuwa la rafiki yangu. Tulisoma pamoja Mpwapwa, tulilala mabweni ya jirani, alikuwa mtu mtaratibu, mnyenyekevu, asiyemjibu mtu vibaya. Hakuwahi kulalamika katika kikao chochote, na mimi nilimtaja mara nyingi kama mfano. Hakuwa akiingia darasani. Ilipofika saa nne alikuwa ameshatoka kwenda kwenye banda lake la kuku. Mwalimu kijana aliyemfuatia ndiye aliyekuwa akivuta mzigo wa madarasa mawili, na ndiye aliyelia.

Nimefikiri sana juu ya methali zetu zinazohusu kelele. Debe tupu haliachi kuvuma. Kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Ukizitazama vizuri, zote zimetungwa na mwenye nyumba. Hakuna hata moja iliyotungwa na mlango. Mlango una bawaba iliyokauka mafuta, na kila anayepita anausukuma. Ni kweli tunayo pia ile isemayo kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini hiyo tunaitumia kuwaonya wakubwa juu ya maasi, si kuwauliza wakubwa nani aliyekwama. Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha Tujisahihishe mwaka 1962, na moja ya makosa aliyotuonya nayo humo ni lile la kupima hoja kwa kumtazama aliyeisema. Nilikisoma nikiwa chuoni, na nilijibu maswali yake kwenye mtihani vizuri sana.

Hata hivyo sitaki kudanganya upande wa pili. Ipo mikanda mibovu. Nimeona mikanda iliyopigwa na oili iliyovuja juu ya injini, ikavimba na kulainika, na iliyozeeka ikawa migumu na yenye mng'ao kama kiatu cha askari. Hiyo inalia kwa ubovu wake na dawa yake ni kuitoa. Katika miaka yangu ya kazi nimekutana na watu wa namna hiyo pia, waliolalamika mvua ikinyesha na waliolalamika isiponyesha. Anayesema kwamba kila mlalamikaji ana haki hajawahi kuongoza shule. Ninachosema ni kidogo zaidi: fundi wa Tandika hakuanza kwa kuamini mkanda wala kwa kuulaumu. Aliutoa, akautundika, akaenda kuwapima waliokuwa kimya kwa mkono wake mwenyewe. Kazi hiyo ingenichukua mimi asubuhi moja. Ingenitosha kuingia darasa la tano saa nne.

Na hapa niseme neno juu ya kukaza. Mwaka 1979 vita vya Kagera vilipokwisha tuliambiwa tufunge mikanda kwa miezi 18. Tuliifunga. Miezi ilipokwisha tuliendelea kuifunga, sabuni ikawa ya foleni, sukari ya foleni, na kwa kuwa mtu aliyefunga mkanda kwa muda mrefu huzoea, wengi wetu tuliokuwa na vyeo vidogo tulianza kuamini kwamba kila kilicholegea kinahitaji kukazwa tu. Mtu akilalamika, kaza. Akizidi, kaza tena. Mkanda uliokazwa kupita kiasi haulii. Ndiyo sifa yake, na ndiyo hatari yake, maana uharibifu unahamia kwenye beringi, ndani, mahali ambapo hupaoni mpaka siku ya kupanda Pugu.

Rafiki yangu ni marehemu sasa, na nimesita miaka mingi kuyaandika haya kwa ajili ya watoto wake. Lakini yule mzee wa Tandika hakuishia kwenye pampu, na haki inanitaka nami nisiishie hapo. Alipoifungua aliniita nitazame chini ya tumbo lake. Pana katundu kadogo ambako waliounda pampu wamekaacha makusudi. Sili ya ndani ikianza kuchoka, maji hudondokea hapo nje, yasiingie kwenye beringi, na mwenye gari akiona tone chini anajua mapema. Katundu kangu kalikuwa kamezibwa na gundi ngumu nyeusi.

"Hii nayo ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Mwaka uliotangulia niliona gari linadondosha maji, nikalala chini na kuziba mwenyewe, nikajisifu kwamba nimeokoa fedha. Na maji yaliyoila ile sili yalikuwa ya kisima cha nyumbani, ya chumvi, kwa kuwa mabomba ya mtaani yalikuwa hayatoi na mimi sikuona haja ya kununua maji mazuri ya kumpa rejeta. Beringi haikwami kwa ubaya wa roho. Hukwama kwa kukosa grisi na kuingiliwa na maji, na maji yaliingia kwa sababu nilimzibia mahali pa kutokea.

Mshahara wa mwalimu katika miaka ile ya themanini haukufika tarehe 10. Rafiki yangu alikuwa na watoto sita. Kabla ya kuku alikuja kwangu mara moja, mara moja tu, akaniambia kwamba hali ni mbaya na kwamba anafikiria kuomba ruhusa ya saa fulani. Nilimwambia sisi sote hali ni mbaya, tena nikamkumbusha kwamba yeye ni mfano kwa vijana. Hakurudi tena kuniambia lolote. Nilijua kuhusu kuku. Nilikuwa napita nje ya darasa la tano, naona mwanafunzi kiranja amesimama na fimbo mbele ya wenzake, nami nikitazama upande wa bustani.

Kwa hiyo ukiniuliza kosa lilikuwa la nani, siwezi kukujibu kwa neno moja, na namwonea shaka anayeweza. Kila puli niliyoizungusha ilinipeleka kwenye nyingine. Najua tu kwamba nilipofika mwisho wa mfuatano huo nilimkuta mtu aliyeshika kipande cha sabuni.

Pampu mpya ilipatikana Gerezani kwa bei iliyoniumiza. Mzee alirudisha mkanda ule ule, akaukaza kwa kipimo cha dole gumba, akawasha. Hakuna kelele. Nilimwuliza kama utalia tena. Alisema, "Ukilia, njoo. Usije na dawa."

Mwaka uliofuata, 1997, siku ya Jumamosi, nilivuka pantoni na Datsun langu na kwenda kumtafuta yule mwalimu. Njia ilikuwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa. Nilimkuta bado yuko shule ile ile, amekwisha kuwa mwalimu mkuu, ameoa huko, ana minazi na watoto watatu. Aliniamkia kwa heshima yote, akaniita Mwalimu, akaniwekea kiti kivulini na kuagiza madafu. Nilikuwa nimetayarisha maneno yangu njiani kama hotuba. Nilimwambia kwamba nilimwonea, kwamba barua ile haikuwa ya haki, kwamba aliyoyasema vikaoni yalikuwa kweli na mimi ndiye niliyekuwa na wajibu wa kuyachunguza. Nikamwomba radhi.

Alinyamaza muda. Sikujua kama amekasirika au anatafuta namna ya kunistahi. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ile ile nyembamba, na sasa haikunikera.

"Nilikwisha kusamehe, Mwalimu. Huku kumenifaa. Lakini wale watoto," akasema, "wale niliowaacha darasa la sita. Nani aliwafundisha sehemu?"

Katika maneno yote niliyoyapanga tangu Magogoni, hao sikuwa nimewaweka. Walikuwa zaidi ya sabini. Wengine nilikuwa naonana nao kila siku, makondakta wa daladala za Kilwa Road, akina mama wa sokoni Tandika, wakiniamkia na kunirudishia chenji.

Nikamwambia hakuna aliyewafundisha.

Akaitikia kwa kichwa, akaita mtoto alete dafu jingine.